Seli Inayosubiri: Mapokeo Matatu, Swali Moja

Kabla seli haijagawanyika, kromosomu zake zilizokwisha kunakiliwa hujipanga katikati, kila moja ikishikwa na nyuzi kutoka pande mbili. Ikibaki hata moja isiyoshikwa, seli nzima husubiri. Ikiharakisha, seli moja huzidishiwa kromosomu na nyingine hupungukiwa, kasoro inayoonekana katika saratani nyingi. Wasimamizi wa subira hiyo ni machangamano mawili ya protini: APC/C, linaloruhusu kromosomu zitengane, na MCC, linalolizuia. Sayansi imeyafikia kwa mapokeo matatu yenye desturi tofauti kabisa, na naamini hakuna hata moja ambalo lingefika peke yake.

Wanajenetiki huiacha seli ikiwa nzima, huharibu jeni moja, kisha hutazama kinachokwenda mrama. Kiumbe chao kipenzi ni hamira. Katika kuchunguza mgawanyiko wa seli, Leland Hartwell alitumia ile ya waokaji. Paul Nurse alitumia Schizosaccharomyces pombe, ambayo Paul Lindner aliieleza mwaka 1893 baada ya kuipata katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki. Mwaka 1991, maabara mbili za Marekani zilisaka hamira zisizojua kusubiri, yaani zile zilizoendelea kugawanyika hata nyuzi zao zilipovurugwa kwa dawa, zikafa. Hapo ndipo jeni za Mad na Bub zilipojulikana. Mapokeo haya huthibitisha ulazima: ukiiondoa Mad2, subira inatoweka. Lakini hutupa orodha ya wahusika bila kutuambia nani anamgusa nani.

Wanabiokemia hufanya kinyume. Huipasua seli, kisha huitafuta kazi yake ndani ya rojo iliyobaki. Mwaka 1995, Avram Hershko na wenzake kwa mayai ya kome, na maabara ya Marc Kirschner kwa mayai ya chura, waliifikia APC/C kila upande kwa njia yake. Waliona kwamba hubandika yubikwitini juu ya protini saiklini B, na alama hiyo huipeleka saiklini kuharibiwa. Sekurini, protini inayokizuia kimeng'enya separasi, nayo huondolewa hivyo hivyo. Ikishaondoka, separasi huwa huru kukata pete zinazofunga kromosomu pacha. Kazi ikajulikana, umbo likabaki gizani.

Wachunguzi wa umbo nao wana matawi mawili. La fuwele na eksirei lilipata ushindi mwaka 1995, maabara ya Nikola Pavletich ilipoonyesha jinsi saiklini A inavyoigeuza kinasi CDK2, kimeng'enya cha mzunguko wa seli, hadi ikawa tayari kufanya kazi. Ila fuwele hudai molekuli zitulie na kufanana, na APC/C haitulii: ina protini za aina 14, baadhi zikiwa mbili mbili, uzito wake ni takribani daltoni milioni 1.2, na sehemu zake huyumba. Tawi la pili huigandisha ghafla katika barafu nyembamba na kuipiga picha kwa hadubini ya elektroni. Kwa njia hiyo, mwaka 2015 maabara ya David Barford, Cambridge, ilifikia uwazi wa angstromu 3.6. Mwaka uliofuata, MCC ikaonekana ikiwa juu ya APC/C. Protini BubR1, iliyomo ndani ya MCC, ina vipande vinavyofanana na vile vya protini zinazopaswa kuharibiwa, nayo imekaa mahali zinaponaswa, kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kitasa.

Je, picha imewashinda wenzake? Sidhani. Hadubini ilionyesha molekuli mbili za Cdc20, protini inayoisaidia APC/C kunasa shabaha zake, pale MCC iliposhikana na APC/C, lakini biokemia ilikuwa imeshasema mwaka 2015 kwamba MCC hushika Cdc20 ya pili. Na ili kujua mgusano upi una maana, hubidi kubadilisha asidi amino moja moja na kutazama kama subira inavunjika, yaani kurudi kwenye desturi ya wanajenetiki. Anayefundisha somo hili kwa mchoro wa mwisho tu anawanyima wanafunzi sababu za kuuamini.