Elimu ya Haki ya Kazi

Watu wa Kitui na Makueni hawahitaji kufundishwa kufanya kazi. Nchi yao ni kavu, mvua yake haitabiriki, na mtu asiyeshika jembe mapema hupitwa na msimu. Lakini kujua kufanya kazi ni jambo moja, na kujua haki ya mfanya kazi ni jambo jingine. Elimu hii ya pili ilitafutwa kwa taabu katika Afrika Mashariki, na historia yake yafaa kujulikana na kila kijana ambaye kesho atatafuta ajira.

Tangu zamani Wakamba walikuwa na desturi iitwayo mwethya. Mwenye shamba la kulima au nyumba ya kujenga aliwaita majirani zake. Wao walikuja na majembe, yeye akawapa chakula, na zamu yao ilipofika naye akaenda kwao. Serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, kazi hiyo ilichukiwa sana. Lakini katika miaka ya 1950, vikundi vya mwethya vilipochagua viongozi wao wenyewe, matuta yalienea vilimani, na wanawake ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi. Udongo ulikuwa ule ule, na jembe lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mfanya kazi alipata sauti katika kazi yake.

Kazi ya mshahara haikuwa na desturi kama hiyo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, ikafika Nairobi mwaka 1899. Kitui haikupitiwa na reli, lakini vijana wake nao walikwenda mijini na katika mashamba ya katani. Huko hapakuwa na jirani wala zamu. Palikuwa na bwana na mtumishi. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mtu alibeba maandishi yaliyomhusu, na mara nyingi hakuweza kuyasoma.

Basi wafanya kazi walijifundisha wenyewe. Mwezi wa Januari 1947 watu wapatao 15,000 waligoma Mombasa. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, wakajadili mishahara, kodi za nyumba na bei za vyakula. Uwanja ule ulikuwa chuo kisicho na paa. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa uhamishoni Baringo. Lakini aliyekwisha kujifunza hawezi kufanywa asijue tena.

Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930 katika shamba la katani ambamo baba yake aliajiriwa, alianza masomo yake Kabaa, huko huko Ukambani. Alipokuwa kiongozi wa vyama vya wafanya kazi, alikwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955, kusoma mambo ya uhusiano wa wafanya kazi na waajiri. Mwaka 1958 chuo cha wafanya kazi wa Afrika kilifunguliwa Kampala na shirikisho la kimataifa la vyama huru, na viongozi wa vyama kutoka nchi mbalimbali wakafundishwa namna ya kuendesha vyama na kujadiliana na waajiri. Chuo hicho kilifungwa mwaka 1968. Vyuo hivyo vilifanya kazi njema, lakini vilimfundisha kiongozi. Mchimba mtaro na mkata katani hawakufika huko.

Leo mambo yamebadilika. Tangu miaka ya 1960, vyuo vya ufundi vya vijijini vilianzishwa Kenya, na leo kijana wa Mwingi au Wote aweza kusomea ushonaji, uashi au umeme karibu na kwao. Sheria nazo zipo: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 41 yampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu. Kijana anayejua kuunganisha nyaya, asijue kusoma mkataba wa kazi, awe anakwenda Nairobi au Ghuba ya Uarabuni, hajapita mbali na babu yake aliyevaa kipande.

Kwa hiyo inafaa katika kila chuo cha ufundi, kando ya nyundo na cherehani, pawe na somo la haki ya kazi: mkataba ni nini, mshahara hukatwa vipi, chama huundwaje. Somo hilo si geni Ukambani. Mwethya ilikwisha kulifundisha: kidole kimoja hakivunji chawa, na mwenye kushika jembe hana budi kushauriwa juu ya shamba.