Hadithi ya Mpaka wa Tarakea na Habari Yake ya Kweli

Mtu asimamaye Tarakea akielekea kaskazini aziona tambarare za Kenya. Akigeuka nyuma, Mawenzi iko juu yake. Mpaka wapita papo hapo, na ndugu wa pande mbili wauziana maharage na mahindi siku ya soko. Wageni hutuuliza: Mbona mstari huu utokao pwani umenyoka, nao ukifika mlimani wapinda?

Tumezoea kuwajibu kwa hadithi. Malkia Victoria wa Uingereza, twasema, alikuwa na milima miwili yenye theluji, na mjukuu wake Wilhelm wa Udachi hakuwa na hata mmoja. Basi bibi akamhurumia, akampa Kilimanjaro siku ya kuzaliwa kwake. Mimi niliisikia shuleni, nami nikaifundisha miaka mingi, watoto wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Hata siku moja kijana mmoja akauliza: "Katekista, nasi tuliokuwa juu ya mlima, tulipewa pamoja nao?" Sikuwa na jibu. Ndipo nilipoanza kuitafuta habari yenyewe.

Hadithi ile si kweli. Mapatano ya mpaka kati ya Waingereza na Wadachi yalifanywa mwaka wa 1886, na Wilhelm huyo hakuwa Kaisari hata mwaka wa 1888. Mambo yalikwenda hivi. Mwaka wa 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, kisha akapata karatasi ya ardhi huko Taveta. Mwaka wa 1885 akaja Jenerali Mathews kwa niaba ya Sultani Barghash wa Unguja, na wamangi wakakiri bendera ya Sultani. Mwaka ule ule akafika Dokta Jühlke, mtu wa kampuni ya Carl Peters, naye Rindi akapatana naye pia. Walipoketi wakubwa wa Ulaya kugawana, Waingereza wakashika Taveta, Wadachi wakashika mlima, na mstari ukazungushwa chini yake. Hiyo ndiyo sababu ya kupinda kwake. Hapakuwa na bibi wala mjukuu. Palikuwa na karatasi, tamaa na biashara.

Tena, ikiwa twataka zawadi, iko moja iliyotoka kwetu. Mwaka wa 1889 Rindi alituma wajumbe wake mpaka Berlin kwa Kaisari. Wachaga wakasimama katika mji ule kama wajumbe wa mtawala. Hayo sikuyasikia shuleni.

Rindi akafa mwaka wa 1891. Mwanawe Meli aliwashinda Wadachi vitani mwaka wa 1892, akashindwa mwaka uliofuata, na tarehe 2 Machi 1900 akatundikwa mtini huko Moshi ya Kale pamoja na wakubwa wengine, Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho wakiwamo. Zamani zile wataalamu wa Ulaya walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu wa nchi zilizotawaliwa, maelfu kwa maelfu, na wengi wakayapima ili kupanga nani mkubwa na nani mdogo katika wanadamu. Mwaka wa 2023 wenye makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba mafuvu matatu yamepatikana kuwa na ndugu wa damu walio hai, na moja lilikuwa limeandikwa Akida, jina la mshauri wa Meli. Kichwa cha Meli hakikuwamo katika matokeo hayo. Mtoto aliyefundishwa kwamba mlima ulikuwa zawadi, atashangaaje kichwa kuwekwa kabatini? Dharau ile ni moja.

Lakini wako wanaotaka nifundishe nusu tu, ile iwaumizayo wengine. Hapana. Rindi aliteka watu akawauza kwa wafanya biashara wa pwani; nasi Warombo twajisifia Horombo wa Keni na ngome zake za mawe, tusiseme ni mikono ya nani iliyobeba mawe hayo. Katika Jubilei hii twamtaja Askofu de Courmont na Padre Le Roy waliofika Kilema mwaka wa 1890, nasi twawashukuru. Lakini wapagazi wao tumewaandika wapi? Nikimficha mtoto haya, siku atakayoyajua ataniona mwongo hata katika yale niliyosema kweli, na maneno yangu juu ya ubaguzi wa rangi hayatamfaa kitu.

Basi mwaka huu nilirudi darasani nikawaambia: Nilikosa. Tukaandika ubaoni 1884, 1885, 1886. Yule kijana akauliza kama Rindi alijua kusoma Kidachi. Nikasema: Kiswahili alikijua vema, Kidachi hakukijua. Akanyamaza kidogo, akasema: "Basi alikubali karatasi asiyoweza kuisoma." Nikampa chaki, akaliandika neno hilo chini ya 1885.