Arroyo Seco: Kilomita 13 kutoka Pasadena hadi Los Angeles

Sehemu ya kaskazini ya Barabara Kuu ya Jimbo namba 110, huko California nchini Marekani, ina urefu wa kilomita 13 hivi. Inaanzia Pasadena, mji wa viungani kaskazini-mashariki ya Los Angeles, inakatiza South Pasadena na Highland Park, inavuka Mto Los Angeles, inapita chini ya vilima vya Elysian Park na kuishia karibu na katikati ya jiji. Mbele kidogo ya hapo namba ni ileile lakini barabara si ya jimbo tena. Ni ya shirikisho, nayo huendelea hadi bandarini San Pedro. Dereva asiyekutana na foleni humaliza kilomita hizo 13 kwa muda wa robo saa. Hata hivyo, ni vigumu kupata barabara nyingine fupi kiasi hiki iliyobeba historia nzito namna hii ya usafiri wa Marekani.

Wenyeji huiita Arroyo Seco Parkway, kwa jina la Kihispania la korongo inaloambaa nalo. Sehemu kubwa ya mwaka korongo hilo huwa karibu kavu. Mvua kubwa zikinyesha kwenye milima ya San Gabriel, maji hushuka kwa kishindo na zamani yaling'oa madaraja na kuzoa kingo. Lakini korongo lilikuwa pia njia nyepesi kuliko zote ya kushuka kutoka Pasadena kwenda mjini, na kila kizazi kilijaribu kuitumia. Reli ilifika Pasadena mwaka 1885. Mwaka 1900 Horace Dobbins, tajiri wa mji huo, alifungua barabara ya baiskeli ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo na kuwashwa taa za umeme usiku, watu wakilipa ili wapite. Alikusudia ifike Los Angeles. Ilijengwa kilomita 2 tu, kisha mradi ukafa.

Wapo waliotaka korongo liachwe kuwa bustani. Mwandishi Charles Lummis alijijengea nyumba ukingoni kwa mawe aliyoyaokota korongoni humo. Nyumba ingalipo, hatua chache kutoka barabarani, kwenye mtaa wa Avenue 43. Theodore Roosevelt alipotembelea eneo hilo mwaka 1911 alimuunga mkono, akisema pangefaa kuwa mojawapo ya bustani kubwa za dunia. Fikra hiyo haikupotea kabisa. Wahandisi walipoanza kuchora barabara ya magari, waliichora kama barabara ya kupita bustanini. Kona zake zilifuata mikunjo ya korongo, kando zikapandwa maelfu ya miti na vichaka, vingi vikiwa mimea ya asili ya California, na mwendo uliokusudiwa ulikuwa maili 45 kwa saa, yaani kilomita 72.

Ujenzi ulianza mwaka 1938, wakati nchi ingali inajikwamua kutoka kwenye mdororo mkubwa wa uchumi. Serikali ya shirikisho ilikuwa ikiajiri watu kwa kazi za umma, na katika miaka hiyohiyo vibarua wake walilijengea korongo mfereji wa zege ili mafuriko yasisumbue tena. Barabara na mfereji vililala sambamba. Korongo ambamo Lummis aliokota mawe likawa sakafu ya saruji kwa sehemu kubwa ya njia hiyo, na hasara hiyo haijalipwa hadi leo.

Mchoro wa awali ulikuwa na njia mbili za magari kila upande, moja ya zege la kijivu na nyingine ya lami nyeusi ili dereva asitangetange, na pembeni bega pana la gari lililoharibika. Mwaka 1939, kazi ikiwa inaendelea, wakubwa waliona magari yatakuwa mengi kuliko walivyokadiria. Wakayageuza mabega hayo kuwa njia ya tatu. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi mzito kuliko yote katika historia ya barabara hii. Uliongeza nafasi ya kupita, ukaondoa nafasi ya kusimama, na baadaye ikabidi kuchonga vijisehemu vidogo vya dharura kando ya njia.

Tarehe 30 Desemba 1940 Gavana Culbert Olson aliizindua, siku mbili kabla ya gwaride maarufu la maua la Mwaka Mpya mjini Pasadena. Hutajwa kuwa barabara ya kwanza ya mwendo kasi magharibi ya Marekani. Mwaka 1943 iliongezwa kuelekea katikati ya jiji, na mahandaki manne ya Mtaa wa Figueroa, yaliyochimbwa kati ya 1931 na 1936, yakaachiwa magari yanayokwenda kaskazini peke yake. Mwaka 1953 makutano ya ngazi nne yaliiunganisha na barabara nyingine kubwa za jiji. Mwaka uliofuata ikaitwa Pasadena Freeway, yaani barabara ya mwendo kasi ya Pasadena, na madereva wakaanza kuitumia kama jina hilo lilivyodai.

Hapo ndipo tabu ilipoanza. Kwenye baadhi ya maingilio dereva husimama kabisa mbele ya kibao cha kusimama, anachungulia nyuma, kisha anakanyaga mafuta ghafla ili ajipenyeze kati ya magari yanayokuja kasi, bila nafasi ya kujiandaa. Kwenye kona kali za kutokea, vibao humtaka apunguze mwendo hadi kilomita 8 kwa saa. Barabara iliyopangiwa magari 27,000 kwa siku sasa hupitisha zaidi ya 100,000. Kinachoipunguzia hatari ni marufuku ya malori makubwa, ambayo ingalipo.

Thamani yake ilitambuliwa polepole. Wahandisi wa ujenzi wa Marekani waliitangaza alama ya historia ya taaluma yao mwaka 1999, mwaka 2010 ikarudishiwa jina la Arroyo Seco Parkway, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Siku moja ya Juni 2003 ilifungwa kwa magari, ikaachiwa waendesha baiskeli na watembea kwa miguu, na jambo hilo likarudiwa Oktoba 2023.

Wanaotaka ipanuliwe na kunyooshwa wana hoja, maana ajali ni ajali. Lakini kona zikinyooshwa na miti ikakatwa, California itapata barabara moja zaidi kama mamia iliyonayo na kupoteza hii. Njia sahihi ni kupunguza mwendo na kuyarekebisha maingilio yaliyo hatari zaidi. Barabara yenyewe ibaki jinsi ilivyochorwa.