Kidonge cha Damu, Kidonge cha Jani

Wakinamama wanaotoka kliniki ya wajawazito huviita "vidonge vya damu". Ndani ya kidonge hicho kimoja mna vitu viwili: madini ya chuma na asidi ya foliki. Jina la mtaani limekishika cha kwanza na kukiacha cha pili, na hicho kilichoachwa ndicho chenye haraka zaidi.

Foliki ni neno la asili ya Kilatini, folium, maana yake jani. Mwaka 1941 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, walikamua tani nne za spinachi ili wapate kiasi kidogo tu cha asidi hiyo, wakaipa jina la majani ilimotoka. Sisi tulipoazima neno tulichukua sauti yake, jani likabaki njiani. Ni hasara, maana mchicha, matembele na majani ya kunde yamo katika kila soko, na ndimo kirutubishi hiki kilimo, pamoja na maharage, choroko na maini.

Kikiwa ndani ya chakula huitwa foleti. Kikitengenezwa kiwandani kwa ajili ya vidonge au unga, hapo ndipo kinakuwa asidi ya foliki. Tofauti hiyo inafika mpaka jikoni. Foleti huharibiwa na moto na huyeyukia majini. Mchicha ukichemshwa mno, kisha maji yakamwagwa, sehemu kubwa imekwenda na maji. Mboga nyingi zinataka moto wa muda mfupi tu. Kisamvu sivyo: hicho lazima kitwangwe na kuiva sawasawa ili sumu yake itoke, hata kama foleti inapungua.

Jina la damu nalo halikuzuka bure. Mwaka 1931 daktari Mwingereza Lucy Wills alichapisha habari za wajawazito wa Bombay, India, walioishiwa damu vibaya, wakapata nafuu kwa kula dondoo la hamira. Kilichowasaidia kilikuja kujulikana baadaye kuwa ni foleti. Basi anayesema kidonge cha damu anasema kweli, ila ameishia nusu.

Nusu ya pili iko mgongoni. Mimba ikiwa changa kabisa, uti wa mgongo na ubongo huanza kama utando bapa. Kingo zake huinuka, huinamiana, hukutana na kushikana, kama fundi cherehani anavyokunja kitambaa na kukishona kiwe mkono wa gauni. Wanaoandika vitabu huuita mrija wa neva. Mshono usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na uwazi mgongoni. Usipofunga juu, ubongo na fuvu havikamiliki, na mtoto haishi.

Kwa hali ile ya kwanza Kiswahili kimepata istilahi ninayoipenda: mgongo wazi. Mzazi huielewa papo hapo, wala haimtwishi mama lawama wala uchawi. Mara nyingi hutajwa pamoja na kichwa kikubwa, kwa kuwa watoto wengi wenye mgongo wazi hujaa maji kichwani, ingawa kichwa kikubwa kina sababu nyingine pia, yakiwemo maambukizi.

Mshono huo hukamilika siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe. Siku hiyo mwanamke amechelewa hedhi kwa majuma mawili tu, na wengi hawajajua. Kliniki wataanza kwenda miezi baadaye. Kidonge watakachopewa huko kitawafaa sana kwa damu, lakini mgongo ulikwisha kufunga, au kushindwa kufunga. Ndiyo maana wataalamu wanashauri mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kubeba mimba, hadi majuma 12 ya ujauzito. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji dozi kubwa zaidi, kwa maelekezo ya daktari. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba kwa wanawake wa namna hiyo, asidi ya foliki ilipunguza kujirudia kwa tatizo kwa asilimia 72.

Na kwa kuwa mimba nyingi huja bila kupangwa, Tanzania iliweka kanuni za kurutubisha unga wa ngano na wa mahindi kwa asidi hiyo mwaka 2011. Zimewafikia wanunuao unga wa viwanda vikubwa. Anayebeba debe lake la mahindi hadi mashine ya kijijini bado yuko nje.

Ningependa tuseme "kidonge cha damu na mgongo". Neno moja la ziada lingetosha kumfanya msichana aulize: mgongo wa nani, na lini? Tatizo ni kwamba msamiati wetu wa uzazi huanzia kwa mama kijacho, ambaye tayari ana mimba. Lakini mtu wa kusema na mwanamke kabla ya hapo tunaye tangu zamani. Pwani anaitwa somo au kungwi, na humfunda mwali siku ambazo harusi bado haijafika, wakati mshono haujaanza.