Diski ya Zamu, Si "Diski Moto"

Katika rasimu ya istilahi za kompyuta iliyonifikia, kamati fulani imeiita "diski moto" ile diski inayokaa ndani ya RAID, yaani kundi la diski zinazofanya kazi pamoja, ikingojea nyingine ife. Napinga. Wameshika neno la Kiingereza, "hot", wakaacha maana. Joto linalokusudiwa ni umeme tu: diski imewashwa, iko tayari. Kwa fundi wa kwetu, diski yenye moto ni diski mgonjwa. Mwambie kwa simu "usiiguse ile moto", naye atazipapasa zote, ailinde inayounguza na kuchomoa nzima.

Wapo pia wanaong'ang'ania "diski ya akiba", akiwamo mwenzangu mmoja asiyependa kusahihishwa. Neno akiba naliheshimu. Limetoka katika Kiarabu, āqiba, lenye shina la kufuata nyuma, kuja mwishoni. Akiba basi ni cha baadaye, kitu kilichowekwa kando: uvunguni, ghalani, benki. Diski iliyofungwa kabatini ndiyo ya akiba hasa, na haitajichomeka yenyewe usiku wa manane. Ninayoisema mimi iko macho. Diski ya RAID 5 ikifa saa nane usiku, hii hupokea kazi papo hapo, ikajazwa upya kwa hesabu ya data na pariti za zilizosalia, fundi angali usingizini. Hali hiyo Kiswahili kina jina lake tangu zamani: zamu. Tuna muuguzi wa zamu, askari wa zamu, mwalimu wa zamu. Wote wapo kazini kabla jambo halijatokea.

Nilijibiwa kwamba zamu ni ya watu, tena ni ya kupokezana. Mbona wakulima wa umwagiliaji wana zamu ya maji? Na kupokezana kupo: katika mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, diski ya zamu ikishaziba pengo, mpya utakayoiongeza ndiyo inayoshika zamu. Nililieleza hilo kwa barua ndefu. Hadi leo sijajibiwa.

Kuhusu matumizi: linganisha namba ya kwenye lebo na ile inayotajwa na mfumo kabla ya kuchomoa, mpya isiwe ndogo kuliko zilizopo, na ukumbuke kuwa RAID 5 haihimili kifo cha pili kabla ujenzi haujakwisha; RAID 6 huhimili.

Ninachodai ni kifungu cha "diski moto" kiondolewe kabla rasimu haijafika vyuoni, na "akiba" ibakie kwa ile ya kabatini.