Mtihani wa Kiingereza ulivyotufunza kujibu bila kuelewa

Juzi mpwa wangu wa Gredi ya 6 alinijia na rundo la karatasi za KCPE za miaka iliyopita. KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho 2023, lakini karatasi zake bado zinapigwa chapa na kuuzwa, na walimu wengi bado wanazitumia kwa mazoezi.

"Mjomba, nishikie saa," akasema, kisha akainamia taarifa ya ufahamu ya Kiingereza.

Taarifa ilikuwa na maswali 12. Alipata 10. Nikampongeza, halafu nikamuuliza kwa Kiswahili, "Haya, hebu nihadithie. Hicho kisa kinahusu nini?" Akanitazama kama niliyemvunjia sheria. "Sijui vizuri, mjomba. Mimi huangalia swali kwanza, halafu natafuta neno linalofanana kwenye hadithi."

Sikucheka, maana nami nilifundishwa mbinu hiyo hiyo miaka ya tisini. Ndipo nikajiuliza: mtoto anawezaje kufaulu ufahamu bila kufahamu? Jibu limo katika historia ya mtihani wenyewe, na historia hiyo haikuanzia Kenya.

Turudi Kansas, Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita. Msomi wa elimu aliyeitwa Frederick J. Kelly alikerwa na jinsi walimu walivyotofautiana katika kusahihisha. Kazi moja ilipewa alama ya juu na mwalimu huyu, ya chini na yule. Kati ya 1914 na 1916 akaunda jaribio la kusoma kimyakimya, ambalo hutajwa na wengi kuwa chimbuko la maswali ya kuchagua jibu. Sharti lake lilikuwa kwamba kila swali liwe na jibu moja tu lisilobishaniwa. Ni muhimu tukumbuke kwamba maswali ya namna hiyo yalianza kwa kupima usomaji, wala si hesabu au sayansi. Kelly alitaka haki na wepesi wa kusahihisha, na alivipata. Kilichoachwa nje ni yale mambo ya kusoma ambayo hayana jibu moja: kushangaa, kushuku, kubishana na mwandishi.

Chombo cha pili ni kile kifungu chenye mapengo. Mwaka 1953 Wilson L. Taylor, mtaalamu wa uanahabari, alibuni njia ya kufuta maneno katika habari kwa mpangilio maalumu na kumtaka msomaji ayajaze mwenyewe, bila kupewa ya kuchagua. Kumbe Taylor hakuwa akimpima msomaji! Alikuwa akiyapima maandishi. Wasomaji wakishindwa kujaza, lawama ilikuwa ya mwandishi aliyeandika mambo magumu. Vyombo hivi vilipofika katika madarasa yetu, lawama ikahamia kwa mtoto.

Kabla ya hapo, Kiingereza kilikuwa tayari kimekwisha kuwa mlinda lango. Katika ukoloni watoto walitengwa kwa rangi hata katika mitihani. Mwafrika alikuwa na mtihani wake, Mhindi wake na Mzungu wake. Baada ya ripoti ya tume ya Beecher ya 1949, mtoto wa Kiafrika alichujwa mara ya kwanza baada ya miaka 4 ya shule, na mara ya pili baada ya miaka 8. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o anasimulia katika Decolonising the Mind (1986) kuhusu mwanafunzi mwenzake wa 1954 aliyepata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Alihesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye matokeo yake mengine yalikuwa ya kawaida tu, aliingia Alliance kwa sababu alifanya vyema katika Kiingereza.

Uhuru uliondoa mgawanyo wa rangi, ila lango likabaki na mlinzi yule yule. Tayari 1957, kituo maalumu cha Wizara ya Elimu jijini Nairobi kilikuwa kimeanza mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Tume ya Ominde ya 1964 ikaunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mtihani wa CPE, ambao wazazi wetu waliufanya hadi 1984, ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati na karatasi ya jumla iliyochanganya Jiografia, Historia na Sayansi. Kiswahili hakikuwamo. Ukitazama kwa makini, utaona kwamba hata hesabu na sayansi zilikuwa ufahamu wa Kiingereza kwa jina lingine, kwani asiyeelewa swali hakuwa na njia ya kulijibu.

Ni haki pia kuwasifu waliojaribu kurekebisha. Miaka ya 1970, mtafiti Tony Somerset akiwa katika Wizara ya Elimu alichunguza si majibu sahihi tu bali hasa yale ya makosa. Je, watoto wengi walivutwa na jibu gani la mtego, na kwa nini? Matokeo yaliandikwa katika jarida lililopelekwa shuleni ili walimu wajue watoto wanakwama wapi. Kwa mtazamo huu, kosa la mtoto liligeuka habari ya kumsaidia mwalimu. Natamani desturi hiyo ingekita mizizi.

Kisha ukaja mfumo wa 8-4-4. Kwa mapendekezo ya tume ya Mackay ya 1981, Kiswahili kikawa somo la lazima, na KCPE ya kwanza ya 1985 ikakitahini. Sisi wapenzi wa lugha hii tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Lakini tazama tulivyokaribishwa mezani: tulipewa kijiko cha mwenzetu. Mtihani wa Kiswahili nao ukaja na vifungu vya mapengo, sarufi ya kuchagua na ufahamu wa A, B, C, D. Lugha yenye vitendawili na majibizano ya kishairi ikaanza kupimwa kwa chombo cha Kansas.

Mimi niliingia katika mfumo huo nikiwa na kibao shingoni. Nasema kweli. Shuleni kwetu, aliyenaswa akisema Kiswahili au lugha ya mama alivishwa kibao tulichokiita disiki, naye akakipitisha kwa atakayenaswa baadaye. Wa mwisho jioni alichapwa. Basi tukajifunza kunyamaza. Siku moja niliandika kwamba mama "he" amechoka, nikapigwa mstari mwekundu. Nilirudia kosa hilo karibu muhula mzima. Sasa fikiria: katika Kiswahili, "Baba alimwambia mama kwamba amechoka" haitwambii nani amechoka. Kiambishi a- hakijali mume wala mke, na Kiingereza kinajali. Sentensi moja ya Kiswahili ingenifungua macho, lakini hiyo ndiyo sentensi ambayo mwalimu hakuruhusiwa kuisema nami sikuruhusiwa kuiomba.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Sisemi Kiingereza kisifundishwe, wala kisitahiniwe. Watoto wetu wanakihitaji, na mzazi anayenunua karatasi hizo kwa jasho lake si mjinga. Ninachopinga ni imani kwamba mtoto ataelewa lugha ya pili kwa kufungiwa lugha anayofikiria kwayo. Katika KCPE ya miaka ya mwisho, maswali 15 yalikuwa ya mapengo, 10 ya sarufi na 25 ya ufahamu. Yaani nusu nzima ya maswali hayo 50 ilidai kuelewa, huku mazoezi yakidai kubahatisha kwa ustadi.

Usiku ule tulijaribu jambo jingine. Nilifunika maswali kwa daftari. Mpwa wangu akasoma taarifa ya pili aya baada ya aya, na kila alipomaliza aya alinisimulia kwa Kiswahili chake cha mtaani, "sheng" kidogo humo humo. Alipokwama kwa neno tulilijadili. Ikawa kazi ya polepole mno, hata chai ikapoa. Mwishoni akasema, "Lakini mjomba, huyu mzee alikuwa anamdanganya mtoto! Mbona hawajauliza hiyo?"

Tulipofunua maswali, kweli halikuwapo hata moja la uongo wa mzee. Alipata 9 kati ya 12, moja pungufu kuliko awali, akanuna. Nikamwambia kwangu mimi hizo 9 zina uzito kuliko zile 10. Hakuniamini, na sikumlaumu, kwani mtihani anaoungoja utahesabu alama tu.