Ramones: Miaka 22 ya Ukoo Mmoja

Albamu ya kwanza ya Ramones iliingia madukani tarehe 23 Aprili 1976. Ilikuwa na nyimbo 14 za jumla ya dakika 29, na kuirekodi kuligharimu dola 6,400 hivi, fedha ambazo bendi kubwa za roki za wakati ule zingezimaliza kabla hata wimbo mmoja haujakamilika. Miaka 50 ya albamu hiyo inatupa nafasi ya kuikumbuka bendi yenyewe. Ilidumu miaka 22, watu wanane wakapita humo, na kila aliyeingia aliitwa Ramone.

Walianzia Forest Hills, mtaa wa watu wa kawaida huko Queens, New York. John Cummings akawa Johnny, mpiga gitaa. Jeffrey Hyman, kijana mrefu kupita kiasi na mwenye haya, akawa Joey. Douglas Colvin, mtoto wa mwanajeshi aliyekulia Ujerumani, akawa Dee Dee, mpiga besi. Ni Dee Dee aliyeleta jina. Alikuwa amesikia kwamba Paul McCartney aliwahi kujiita Paul Ramon. Hapakuwa na undugu wa damu kati yao. Walivaa jaketi za ngozi na jinzi zilizochanika magotini, wakaacha nywele ziwafunike macho, na jukwaani ungeapa wamezaliwa tumbo moja.

Wa nne ni Tommy, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu historia nyingi za bendi hii humpita haraka. Aliitwa Tamás Erdélyi, mzaliwa wa Budapest, mtoto wa Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi. Alisoma na Johnny na kupiga naye muziki tangu sekondari, kisha akafanya kazi studio. Mwaka 1974 alikuwa kiongozi na mshauri wa wenzake. Onyesho la kwanza, tarehe 30 Machi 1974, walipanda watatu tu, Joey akiwa kwenye ngoma na Dee Dee akiimba huku anapiga besi. Mambo hayakwenda. Dee Dee hakuweza kuyafanya yote mawili kwa pamoja, na sauti ya Joey ilikuwa bora kuliko mikono yake. Tommy akamtoa Joey nyuma na kumweka mbele ya kipaza sauti, kisha akaanza kutafuta mpiga ngoma. Waliokuja kujaribiwa walikuwa mafundi, na kila mmoja alitaka kuuonyesha ufundi wake. Hawakuelewa kwamba muziki huu ulihitaji mtu wa kushika mwendo tu, bila madoido. Mwishowe Tommy akakaa kwenye ngoma mwenyewe, ingawa haikuwa fani yake. Mpigo aliouanzisha siku zile ndio uliofuatwa na wapiga panki dunia nzima. Yeye pia ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya “Blitzkrieg Bop”, wimbo unaofungua albamu ya kwanza.

Tarehe 16 Agosti 1974 walipiga kwa mara ya kwanza CBGB, ukumbi mwembamba wa Hilly Kristal katika barabara ya Bowery, Manhattan. Seti nzima haikufika dakika 20. Walirudi tena na tena, watu wakaanza kuongezeka, na kampuni ya Sire ikawapa mkataba.

Tarehe 4 Julai 1976 walipanda jukwaa la Roundhouse, London, na kesho yake Dingwalls. Vijana wa Uingereza waliokuwa wakiunda bendi zao, wakiwemo wa The Clash, waliwakuta huko. Nyumbani Marekani mambo yalikuwa mengine. Albamu ile iliishia nafasi ya 111 kwenye chati ya Billboard. Zilizofuata mwaka 1977, Leave Home na Rocket to Russia, zilisifiwa na wahakiki kuliko zilivyonunuliwa. Kilichowalisha ni jukwaa, pamoja na fulana zenye nembo iliyochorwa na msanii kutoka Mexico, Arturo Vega, aliyeigeuza nembo ya rais wa Marekani na kumshikisha tai gongo la besiboli.

Mwaka 1978 Tommy alichoka. Safari hazikuwa na mwisho, na yeye alikuwa mtu wa studio. Akakabidhi ngoma kwa Marc Bell, aliyekuwa akipiga na Richard Hell, na ambaye tangu siku hiyo ni Marky Ramone. Tommy hakuondoka kwa ugomvi. Alishiriki kuitengeneza Road to Ruin, albamu ya kwanza ya Marky. Hilo ndilo badiliko pekee la watu katika bendi hii lililofanyika kwa amani kamili.

End of the Century ya mwaka 1980 ilitengenezwa na Phil Spector, na ikafika nafasi ya 44, ya juu kuliko zote walizowahi kupata kwao. Kwa maoni yangu ni albamu ya Spector zaidi kuliko yao. Gitaa la Johnny limefunikwa, na bila gitaa hilo Ramones si Ramones. Mtazame katika picha yoyote ya video: miguu imetanuka, gitaa la Mosrite limening'inia chini, mkono wa kulia unazipiga nyuzi kwenda chini tu, kila pigo chini, wimbo hadi wimbo, kwa kasi ambayo mpiga gitaa wa kawaida huimudu kwa kupiga chini na juu. Hapigi solo, wala hapumziki katikati ya nyimbo.

Johnny huyo ndiye aliyeiongoza bendi kama kikosi cha jeshi. Muda ni muda, mavazi ni yale yale, pesa haichezewi. Na ndani ya kikosi hicho palikuwa na jeraha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanamke aliyekuwa mpenzi wa Joey alimwacha akaenda kwa Johnny, na baadaye wakaoana. Tangu hapo wawili hao hawakuzungumza ila kwa lazima, ilhali waliendelea kusafiri katika gari moja kwa zaidi ya miaka 10. Siasa nazo ziliwatenga. Mwaka 1985 Joey na Dee Dee walishiriki kuandika wimbo wa kumlaani Rais Reagan kwa kuzuru makaburi ya Bitburg, walikozikwa pia askari wa SS. Johnny alimpenda Reagan, na wimbo ulipoingia kwenye albamu ya Animal Boy ukabadilishwa jina.

Marky alifukuzwa mwaka 1983 kwa sababu ya ulevi. Akaja Richard Reinhardt, yaani Richie, kijana mwenye nguvu aliyepiga ngoma, kuitikia na kutunga. Too Tough to Die ya mwaka 1984, ambayo Tommy alirudi kusaidia kuitengeneza, inamdai Richie shukrani kubwa. Lakini alilipwa kama mwajiriwa, na alipoomba fungu lake katika mauzo ya fulana, akanyimwa. Agosti 1987 akaondoka. Clem Burke wa Blondie, mpiga ngoma hodari kabisa, akaazimwa kwa jina la Elvis Ramone na akadumu maonyesho mawili tu, kwa kuwa mwendo ule haukuwa wake. Marky, aliyekuwa ameacha pombe, akaitwa tena na kubaki hadi mwisho.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1989, Dee Dee alipojiondoa. Alikuwa mtunzi wao mkuu, na aliendelea kuwapa nyimbo akiwa nje. Besi ilichukuliwa na Christopher Joseph Ward, CJ, kijana aliyetoka jeshi la Marine. Mashabiki wa zamani walimpokea kwa shingo upande, lakini ukisikiliza rekodi za jukwaani za miaka ile utamsikia CJ akiwavuta wakubwa zake waliochoka.

Cha kushangaza, hiyo ndiyo miaka waliyopendwa kupita kiasi Amerika Kusini. Tarehe 16 Machi 1996 walipiga katika uwanja wa River Plate, Buenos Aires, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Onyesho la mwisho lilifanyika The Palace, Hollywood, tarehe 6 Agosti mwaka huo huo, na Dee Dee alipanda kuimba wimbo mmoja. Lilikuwa la 2,263, wastani wa onyesho moja kila siku tatu au nne kwa miaka 22, pamoja na albamu 14 za studio. Ni Johnny na Joey tu waliokuwepo mwanzo hadi mwisho.

Joey alifariki tarehe 15 Aprili 2001 kwa saratani. Machi 2002 bendi iliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Waliotajwa ni waasisi wanne na Marky. Richie na CJ waliachwa. Hilo lilikuwa kosa. Bila wawili hao bendi isingeuvuka muongo wa 1980, na jina walilopewa lilitosha kuwa ushahidi. Dee Dee alifariki Juni mwaka huo kwa dawa za kulevya, Johnny mwaka 2004 na Tommy tarehe 11 Julai 2014, wote wawili kwa saratani. Aprili ya mwaka huo wa 2014 albamu ya kwanza ilikuwa ndiyo kwanza imetunukiwa hadhi ya dhahabu Marekani, kwa nakala 500,000. Ilichukua miaka 38.

Kama hujawahi kuwasikia, anza na It's Alive, iliyorekodiwa ukumbi wa Rainbow, London, usiku wa kuamkia mwaka 1978. Ina nyimbo 28 na haifiki saa moja. Halafu tafuta Too Tough to Die, na usikilize ngoma za Richie.